Macho ya Haidrenjia

Oktoba 2018, wiki tatu baada ya kuhamia nyumba hii ya Reading, Uingereza, nilishika mkasi wa kupogolea nikaikata haidrenjia iliyokuwa chini ya dirisha la sebule mpaka vikabaki visiki visivyofika magotini. Maua yake yalikuwa yamekauka na kugeuka rangi ya majani makavu ya mgomba, nami nimelelewa Lushoto, kwenye nyumba ambayo uwanja hufagiliwa kabla jua halijapanda. Jirani yangu, bibi mwenye bustani nzuri kuliko zote mtaani, alikuwa ameniambia kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba yake huikata mpaka magotini kila mwaka, na kila mwaka huchanua hadi wapita njia husimama. Nikaona nimepata somo. Nilikata jioni nzima, nikafagia, nikajaza pipa la taka za bustani, nikaingia ndani nimeridhika.

Kiangazi cha 2019 kichaka kilirudi. Kilitoa majani mapana, mabichi, yenye afya, kikafika kiunoni. Juni ikapita. Julai ikapita. Hakikutoa ua hata moja.

Mama ana haidrenjia mbele ya nyumba yetu kule Lushoto tangu sijaanza shule. Yeye huyaita maua ya misheni, kwa sababu aliyoyaona kwanza maishani mwake yalikuwa kwenye bustani ya misheni, na sisi watoto tulikua hatujui jina jingine. Nikampigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu nyumbani, nikamweleza.

"Ulikata lini?"

"Mwezi wa kumi, mama."

"Na kabla ya kukata, ulizitazama ncha?"

"Sikutazama."

Akanyamaza kidogo. "Basi mwanangu, ulikata mmea una mimba."

Aliyekulia shambani anajua maana ya neno hilo. Mpunga ukinenepa shina kabla ya kutoa suke, tunasema umebeba mimba. Mahindi vivyo hivyo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia shambani na panga wakati huo, kwa sababu kila mtu anajua kilichomo ndani hata kama hakijaonekana. Mimi nilikuwa nimeingia na mkasi.

Januari iliyofuata, kichaka kikiwa hakina jani hata moja, nilitaka kuona kwa macho yangu. Kwenye ncha ya kila tawi palikuwa na jicho moja nene, refu kama punje ya mpunga iliyovimba, rangi yake kati ya kijani na zambarau. Nikakata moja tu, nikalipasua katikati kwa wembe mezani jikoni. Ndani, chini ya majani madogo yaliyokunjwa kama vitambaa, palikuwa na kitu cha kijani kibichi kilichofanana na koliflawa ndogo isiyozidi kichwa cha pini. Hilo ndilo lilikuwa ua la Julai. Lilikuwa limeshaumbwa tangu mwisho wa kiangazi kilichopita, limekaa pale juu likisubiri baridi iishe. Nililitazama kwa muda mrefu, na nikaelewa ni maua mangapi nilikuwa nimeyatia kwenye pipa siku ile ya Oktoba.

Ndiyo maana nimeamua kuandika haya. Watu wengi huuliza haidrenjia ipogolewe mwezi gani, lakini mwezi peke yake hautoshi. Unatakiwa kwanza ujue ua la mwaka ujao linakaa wapi.

Jirani yangu hakunidanganya. Yeye ana haidrenjia ya aina nyingine kabisa, nami sikumuuliza ni aina gani, wala sikumuuliza hukata mwezi gani. Yake ni ile ambayo wataalamu huiita paniculata. Maua yake yana umbo la pia iliyogeuzwa, pana chini na nyembamba juu. Huanza na kijani cha ndimu au weupe, kisha yakaiva kuelekea waridi kadiri siku zinavyopoa. Aina hiyo, pamoja na ile ya arborescens inayotoka misitu ya mashariki ya Marekani, huumba ua kwenye tawi jipya la mwaka huohuo. Ukiikata Machi mpaka ikabaki mifupa mitupu, itachipua, tawi litakua, na ua litatokea juu yake kabla kiangazi hakijaisha. Wala haitajali. Kwa kweli ukiikata sana hutoa maua makubwa zaidi, ingawa machache.

Katika kundi hilo la arborescens kuna moja niipendayo kwa ajili ya historia yake, iitwayo 'Annabelle', yenye mipira myeupe mikubwa kama kichwa cha mtoto. Iliokotwa porini mwanzoni mwa karne ya 20 karibu na mji mdogo wa Anna, jimbo la Illinois, ikapita mkono kwa mkono kwenye bustani za watu wa pale kwa miaka mingi kabla wafanyabiashara wa miche hawajaigundua. Jina lake lina maana ya mrembo wa Anna. Hivyo ndivyo maua mengi yanavyosafiri hata kwetu: mtu anamvunjia jirani tawi, naye anakwenda nalo nyumbani.

Yangu mimi, na ya mama, ni macrophylla: majani mapana mazito yanayong'aa, na maua ya duara, ama yale ya bapa yenye vidoa vidogo katikati na duara la maua makubwa pembeni. Aina hii hubeba ua lake juu ya tawi la mwaka uliopita. Ndugu yake mdogo, serrata, naye ni hivyohivyo, na ile yenye majani kama ya mwaloni, quercifolia, pia. Ukiona jani pana lenye meno na ua la mpira la buluu au waridi, weka mkasi chini kwanza mpaka umeshatazama.

Siku hizi sikati kitu wakati wa majani kupukutika. Maua makavu nayaacha juu ya matawi majira yote ya baridi. Yanachakaa, yanapigwa na mvua, na wageni huniuliza kwa nini siyatoi, lakini yana kazi. Kichwa kikavu kinakaa kama mwavuli juu ya yale macho manene yaliyo chini yake, na baridi ya usiku inaanzia kwake kabla ya kufika kwao.

Ikifika nusu ya pili ya Machi, siku isiyo na upepo, ndipo natoka. Majani ya haidrenjia hutoka mawilimawili, moja mkabala na lingine, kwa hiyo macho nayo hukaa kwa jozi. Nashika tawi kwenye ua kavu na kushuka nalo taratibu kwa vidole mpaka nifike kwenye jozi ya kwanza ya macho manene, yaliyojaa. Mara nyingi haiko mbali, kiasi cha kiganja kimoja. Nakata juu yake, nikiacha nafasi ndogo tu, kama nusu sentimita. Hapo naacha, naenda tawi linalofuata. Kazi ni ya polepole, na kichaka kikubwa kinaweza kula asubuhi nzima.

Tawi likiwa halina jicho hai, nakwangua ganda kwa ukucha. Kijani chini ya ganda maana yake lipo hai, nasubiri. Kahawia na kavu maana yake limekufa, nalifuata chini mpaka nipate uzima au nilitoe lote. Vitawi vyembamba kama kalamu ya risasi vilivyolalia ardhini navyo natoa, kwa sababu havitabeba ua zito.

Kisha kuna sehemu ambayo hapo mwanzo iliniogopesha kuliko zote. Kila mwaka nachagua mashina mazee kabisa, yale manene yenye ganda linalobanduka kama karatasi, nayakata kwenye udongo. Mawili, labda matatu, kamwe si zaidi ya robo ya kichaka au theluthi yake. Shina zee huanza kutoa maua madogo na mengi dhaifu. Likiondoka, mwanga unaingia katikati, na kutoka chini huzuka machipukizi mapya yaliyonyooka ambayo yatabeba maua mwaka utakaofuata. Kwa njia hiyo kichaka hakizeeki. Kinakuwa na rika zote kwa wakati mmoja: wazee wanaokaribia kuondoka, watu wazima wenye mzigo, vijana wanaokua. Nadhani hilo ndilo jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulijua, na nililijua si kwa kusoma bali kwa kurudi nyumbani.

Februari 2023 nilikaa Lushoto wiki tatu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiuliza kwa nini haidrenjia ya mama haikasirikii kisu. Yeye huvunja maua wakati wowote. Harusi ikiwepo anakata, mgonjwa akitembelewa anakata, Jumamosi anakata kwa ajili ya madhabahu. Na bado kila ukipita pale kuna ua. Nilifikiri ni baraka ya udongo tu. Safari hiyo nilikaa nikatazama.

Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kipupwe unapoa vya kutosha kuuambia mmea uumbe maua, kwa kuwa macrophylla huanza kuumba ua pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi kwa wiki kadhaa. Lakini hakuna theluji ya kuusimamisha mmea wote kwa pamoja. Kwa hiyo matawi hayaendi sawa. Moja linachanua, lingine lina jicho nene, la tatu ndiyo kwanza limetoka ardhini. Mama anapokata, anakata lile lililofika tu, na mengine hayaguswi. Hajawahi hata siku moja kukisawazisha kichaka kama mtu anyoaye kichwa. Na kabla ya masika, wakati udongo bado mkavu, huchukua msumeno mdogo akatoa mashina mazee mawili matatu chini kabisa. "Haya yameshakula chumvi nyingi," aliniambia, huku akiyatupa kando.

Nilicheka kwa furaha. Kile ambacho mimi nakihangaikia Reading kwa mkasi, kalenda na hofu ya baridi, kule milima inakifanya yenyewe, na mama anakisaidia tu.

Kwa hiyo ukiwa na haidrenjia mahali pa baridi kwetu, Lushoto, Njombe, Mufindi, au upande wa Kenya huko Limuru na Kericho, usijifunge na miezi inayoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Tazama ncha. Kata lililochanua likachoka, ukishuka mpaka jozi ya macho yaliyojaa. Toa wazee wachache kabla ya mvua kubwa ili mvua iyakute machipukizi yanataka kutoka. Usikate kichaka chote siku moja. Na kama uko Tanga mjini au Dar es Salaam, nakuomba usijitese. Itaota, itatoa majani, lakini joto litaichoma na usiku haupoi vya kutosha kuipa maua ya maana. Pwani ina maua yake, na asumini haimuonei wivu mtu.

Tahadhari moja kwa wenye mifugo: majani na machipukizi ya haidrenjia yana sumu inayozaa sianidi tumboni, jamaa ya ile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Usitupe matawi uliyopogoa mahali mbuzi anapofikia. Mama huyarundika nyuma ya choo yakauke, kisha huyafukia.

Nirudi kwenye rangi, maana ndilo swali ninaloulizwa zaidi nikituma picha kwenye kundi la familia. Haidrenjia ya mama ni buluu. Si buluu hafifu. Ni ya yale maji ya buluu tuliyochovyea mashati ya shule ili yawe meupe. Yangu ni ya waridi. Shangazi aliwahi kusema kwa uhakika kabisa kwamba ni kwa sababu Wazungu wanapenda waridi.

Sababu iko chini ya miguu. Rangi ndani ya ua ni ileile katika hali zote mbili. Kinachoigeuza ni alumini. Karibu kila udongo una alumini, lakini mizizi haiwezi kuifikia isipokuwa udongo ni chachu, wenye tindikali, ambao huiyeyusha. Ikiyeyuka, mmea unaivuta, inapanda mpaka kwenye ua, inashikana na ile rangi, na waridi linakuwa buluu. Kipimo cha pH cha udongo kikiwa chini ya 5.5 hivi, utapata buluu. Kikivuka 6.5, utapata waridi. Katikati yake utapata zambarau, na wakati mwingine rangi mbili kwenye kichaka kimoja. Nyeupe hubaki nyeupe popote uipandapo, hata ufanye nini.

Milima yetu ya Usambara hupata mvua nyingi, na mvua ya miaka na miaka imeosha chokaa yote kutoka kwenye udongo ule mwekundu. Chai inapenda udongo wa namna hiyo, na palipo na chai nzuri huwa nategemea kuona haidrenjia ya buluu. Huku Reading maji ya bomba yanatoka kwenye miamba ya chaki. Birika langu la umeme linajaa ukoko mweupe ndani ya mwezi mmoja. Udongo wa bustani yangu niliupima nikapata 7.4. Kila nilipomwagilia kwa maji ya bomba nilikuwa naongeza chokaa juu ya chokaa.

Niliposoma kwamba dawa ya kugeuza rangi ni salfeti ya alumini, nikakumbuka kitu kingine: shabu. Ile mawe meupe ya kung'aa tuliyozungusha kwenye ndoo ya maji ya mto ili tope litulie, ile ambayo kinyozi hupitisha shavuni baada ya wembe. Shabu ni chumvi ya alumini. Nikanunua, nikaisaga, nikayeyusha kijiko kikubwa kimoja katika lita 4 za maji ya mvua, nikamwagia kwenye udongo ambao nilikuwa nimeshaulowesha, mara moja kwa mwezi kuanzia Machi hadi Mei. Usizidishe, huunguza mizizi. Kwenye kichaka cha dirishani haikufua dafu, kwa kuwa chokaa ni nyingi mno na ardhi ni kubwa. Lakini nilikuwa na kipandikizi nilichokipanda kwenye chungu, katika udongo maalumu wa mimea ipendayo tindikali, kikinyweshwa maji ya pipa la mvua tu. Hicho, kiangazi cha pili, kilichanua buluu. Nikampigia mama simu ya video nikamwonyesha. Akasema, "Hilo sasa ndilo ua la misheni."

Watu wengine hufukia misumari yenye kutu. Misumari inaongeza chuma, na chuma siyo inayogeuza rangi.

Shabu hiyohiyo ina kazi ya pili. Haidrenjia ikikatwa kwa ajili ya chombo cha maua hunyauka haraka, kwa kuwa shina lake hutoa utomvu unaoziba njia ya maji. Kata upya mwisho wa shina, uchovye kwenye unga wa shabu, kisha uweke majini. Na kama kichwa kimeshalegea, kizamishe chote kwenye beseni la maji baridi kwa saa moja au mbili. Hunywa maji kupitia sehemu zake za rangi, zile tunazodhani ni petali na kumbe ni majani ya kikombe cha ua yaliyogeuka. Mama amekuwa akiyalaza kwenye beseni usiku wa Jumamosi tangu nikiwa mdogo, na asubuhi hufika kanisani yamesimama.

Kupenda maji ni tabia yake kwa jumla. Hata jina haidrenjia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, maji na chombo. Sikulichukulia kwa uzito mpaka mwaka 2022. Tarehe 19 Julai mwaka huo joto lilipita nyuzi 40 Uingereza kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuweka kumbukumbu, na tarehe 24 Agosti sisi wa bonde la Thames tukakatazwa kutumia mpira kumwagilia bustani. Majani ya haidrenjia yangu yalining'inia kama kanga zilizoloa. Kingo zake zikaungua zikawa kahawia.

Hapo nilijifunza kutofautisha kiu na uchovu. Mchana wa jua kali jani hupoteza maji kuliko mzizi unavyoweza kuleta, likalegea hata kama udongo umelowa. Usikimbilie ndoo. Subiri jioni. Likiinuka lenyewe, lilikuwa limechoka tu. Likibaki limelegea mpaka alfajiri, hapo kweli lina kiu, mwagilia, na umwage maji mengi pale shinani badala ya kunyunyiza kidogo juu ya majani. Nilibeba ndoo za maji ya kuogea watoto kila usiku, na nikatandika matandazo ya magome na majani yaliyooza, unene wa vidole vinne, bila kuyagusisha shina. Tangu hapo matandazo hayajawahi kukosekana. Na kama ningekuwa nachagua upya mahali pa kuipanda, ningeiweka mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mama yake alikuwa na bahati: ya kwao iko upande wa mashariki wa nyumba.

Nimeandika "mama yake" bila kufikiri. Siyo kweli. Mimi sikuchukua kipandikizi nyumbani. Sheria ya hapa haimruhusu abiria kuingiza mmea bila cheti cha afya ya mimea, na nimekubali kwamba kichaka cha mama kitabaki cha Lushoto. Lakini siku ile ya Februari alinifundisha kukata vipandikizi, na vya huku nimekata kwa mkono wake. Chukua tawi changa lisilo na ua, urefu wa kiganja, likate chini kidogo ya pingili. Toa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, nayo uyakate nusu ili yasinywe sana. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, usiuache mchanga ukauke. Baada ya wiki tatu au nne vuta taratibu. Likikataa kutoka, lina mizizi.

Huwa nafikiria jinsi maua yanavyopishana njiani. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua ua dogo la zambarau kutoka misitu ya Usambara, na mbegu zake zikapelekwa Ujerumani kwa baba yake. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, na jirani yangu ana vyungu vitatu jikoni. Nilipomwambia kwamba linatoka milimani kwetu alinishika mkono. Haidrenjia ya aina yetu nayo ni mgeni kote kuwili. Kwao ni Japani, ambako huchanua Juni pamoja na mvua za masika yao. Daktari wa Kijerumani Philipp Franz von Siebold, aliyefika Nagasaki mwaka 1823, aliishi na mwanamke wa huko, Kusumoto Taki, wakazaa binti. Alipofukuzwa nchini mwaka 1829 aliondoka peke yake, na baadaye moja ya haidrenjia alizoziandika kitabuni akaiita otaksa, kutokana na Otaki-san, jinsi alivyozoea kumwita. Leo haidrenjia ndiyo ua la jiji la Nagasaki.

Baridi ya kuchelewa ndiyo adui ambaye bado sijamzoea. Aprili 2021 hapa ilikuwa na usiku mwingi wa sakitu kuliko Aprili yoyote katika miaka 60. Macho yalikuwa yameshafunguka, majani madogo yametoka, laini kama masikio ya sungura. Asubuhi moja nikatoka nikakuta yote meusi, yamelainika kama mchicha uliochemshwa. Nilikata kila ncha iliyoungua, nikashuka mpaka jozi iliyokuwa bado imefumba. Mwaka ule nilipata maua 6. Niliyahesabu, na kila moja nililishukuru.

Leo jioni nimezunguka kichaka na kidole, tawi kwa tawi. Yapo macho manene 43, na mengi yameanza kuonyesha kijani. Utabiri unasema usiku wa leo joto litashuka mpaka sifuri. Nimeshatoa shuka mbili kuukuu kabatini, na vibanio vya nguo viko mfukoni. Watoto wakishalala natoka kukifunika.